Mgeni Rasmi Alitoka Nje Wakati wa Kura

Admin nifiche jina, na wale mtakaonitambua humu, naomba mfunge midomo. Mimi ni baba wa miaka hamsini na nne, Mtanzania, naishi Sterling, Virginia, na napakia mizigo pale uwanja wa ndege wa Dulles. Nina mke na mtoto mmoja, ana miaka ishirini na mbili. Alipozaliwa aliandikwa mvulana na tukamlea hivyo. Leo anaishi kama binti, na kwangu ni binti yangu. Kufika hapa haikuwa rahisi, ila sikuja kuhubiriwa, nimekuja na jambo jingine.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha Waswahili wa huku: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Hiki ndicho kinachotuzika. Mtu akifa, chama kinasafirisha maiti mpaka nyumbani. Alipofariki mdogo wangu, ni wao waliojaa sebuleni kwangu wakapika na kulala chini. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia "si ujitoe tu."

Kila mwaka tuna sherehe, na kwetu sherehe bila mgeni rasmi haijawa sherehe. Mwaka jana mwenyekiti alituletea mbunge wetu wa jimbo. Nikasoma risala, maana ndiyo kazi ya katibu. Mheshimiwa akavishwa shati la kitenge, sare yetu, akala pilau akaongeza, akanikumbatia mbele ya simu za watu akaniita ndugu yake. Mwenyekiti akamgusia ule mswada wa kuwaruhusu watu wabadilishe jinsia kwenye vyeti na vitambulisho vyao. Akaweka mkono kifuani, akasema watoto wetu wako salama mikononi mwake, sheria hiyo haipiti yeye akiwepo. Ukumbi mzima vigelegele. Na mimi nikapiga makofi, Mungu anisamehe.

Baadaye binti yangu na wenzake wakapanga kwenda Richmond, kwenye bunge la jimbo, kuwaomba wabunge wapitishe mswada huohuo. Kitambulisho chake kinamwita mwanamume. Akikitoa anapoomba kazi, anatazamwa juu mpaka chini, na kuna mahali bosi aliwaita wenzake waje kuangalia. Nikampeleka mwenyewe na gari, nikaingia naye mpaka ofisini. Nani nyuma ya meza? Ndugu yangu yule! Akanipa mkono: "Nice to meet you, sir." Hakunikumbuka hata chembe. Binti yangu akamweleza yote mpaka akalia. Mheshimiwa akamsogezea boksi la tishu, akaweka mkono kifuani, palepale pa siku ile: "I'm with you, all the way." Tukirudi, mtoto anaimba njia nzima. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba igizo lile nilishaliona.

Siku ya kura ilipofika, mheshimiwa alikuwemo ukumbini tangu asubuhi. Zamu ya mswada ule ilipowadia, akanyanyuka akatoka nje. Mswada ukaanguka. Ingieni kwenye tovuti ya bunge, kila mbunge ameandikwa alivyopiga, na yeye ameandikwa hakupiga. Waliokataa nimewachukia, lakini angalau walikaa vitini mwao wakaonekana. Huyu ni popo, ndege si ndege, mnyama si mnyama. Kina binti yangu wakaambiwa alishikwa na tumbo. Mwenyekiti wetu akaambiwa alitoka ili kutusaidia sisi. Kila mtu kakatiwa uongo wa saizi yake, na wote wakashukuru!

Sasa mswada unarudi bungeni, na sherehe ni Jumamosi hii. Mgeni rasmi ni nani? Huyohuyo. Mwenyekiti kanipigia: "Katibu, risala ya mwaka huu iwe na meno. Mwambie safari hii akae, apige kura ya hapana. Wewe ni baba, wewe una uzito."

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, mtu aliyetukimbia, tunamwita tena wa nini?"

"Sasa Katibu, wiki hii tutampata wapi mgeni rasmi mwingine? Si tutaaibika?"

Na sisi ndio tunaokwenda kuwashawishi wanasiasa. Tunamwogopa mgeni kuliko yeye anavyoziogopa kura zetu. Mtu anashibishwa, anavishwa, anasomewa risala, lakini kumuuliza swali ni utovu wa adabu. Ndiyo maana anatupenda.

Mke wangu anasema, "Soma tu, baba. Funika kombe mwanaharamu apite. Tukifa nani atatuzika?" Binti yangu alikuwa jikoni anasikia. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu Kiingereza. Akaja akasimama mlangoni. "Read it, Dad. But I'm coming. I'm sitting in front, next to Mama."

Chama hakijamwona tangu abadilike. Tumekuwa tukisema yuko chuo, mbali. Kumbe kitenge cha sare kilichobaki alikwisha kukichukua akashona gauni. Jana nimelikuta limepigwa pasi, limetundikwa kando ya shati langu.

Nikisoma nilichotumwa, nitakuwa namwomba mwongo yule amkatalie mwanangu kuandikwa binti, na mwanangu amekaa ananitazama, amevaa kitambaa nilichovaa mimi. Nikiiweka risala chini nikamuuliza mheshimiwa, hapo alipo na pilau yake, "Ulikwenda wapi wakati wa kura, na binti huyu uliyempa tishu unamkumbuka?", basi mjue nimejichimbia kaburi ambalo hakuna atakayekuja kulifukia.

Wa "tunakuombea", asanteni, piteni. Ninyi wengine mlio na watoto, niambieni kabla ya Jumamosi: mkipewa kipaza sauti hicho, mtasema nini?