Mama Vizibo na Vikombe Mia Nane

Alizaliwa mwaka wa 1958, binti wa kwanza wa fundi viatu, katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha mabasi. Wito wake haukuja kwa maono. Aliingia karakana ya kuyeyusha plastiki kuomba maji ya kunywa, akauliza kwa nini kwenye pipa la kuoshea, chupa zinazama na vizibo vinaelea. Fundi mkuu akamweleza kuwa hizo ni plastiki mbili tofauti, zikiyeyushwa pamoja kazi inaharibika. Basi akaketi akaanza kung'oa vizibo bila kuagizwa na mtu, na hakuondoka kwa miaka thelathini na mmoja. Wakambandika jina la Mama Vizibo, naye akalipokea kwa kicheko.

Baadaye alikabidhiwa madumu. Kila dumu alilinusa kabla ya kulipitisha: la mafuta ya kupikia huku, la sabuni kule, la dawa ya wadudu ya shambani nje kabisa. Sala yake ya asubuhi ilikuwa fupi: "Bwana, nipe pua." Tusimtakase kupita kiasi, ulimi pia alikuwa nao, na wavivu waliujua.

Jaribu lilimkuta mwaka wa 1999. Karakana, iliyokuwa taabani, ilipata kazi ya vikombe mia nane vya shule. Wiki ile Mama Vizibo alikuwa na mafua makali, pua imeziba, na kwa kiburi chake hakumwambia mtu. Vikombe vilipokwisha kupangwa kwenye maboksi, aliona kibandiko chenye fuvu, cha dumu la dawa ya wadudu, kimeng'ang'ania chini ya kapu lake. Angeweza kukitia mfukoni tu, yakaisha. Alikipeleka kwa fundi mkuu.

"Dumu moja kati ya mia, mama," fundi alisema. "Nani ataonja?"

"Mtoto," alijibu. "Mafua yangu, kosa langu. Vikombe haviendi."

Vikasagwa vyote, vikawa nguzo za uzio. Mteja akaondoka, karakana ikafungwa miezi mitano, watu kumi na wawili wakakaa nyumbani mikono mitupu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na milango mingine haikufunguliwa. Mdogo wake, aliyeendesha mashine ya kusagia pale pale, alimnunia. Hilo lilimuuma kuliko yote, masikini, hata akakonda. Mwishowe mteja alisikia kisa chenyewe, akarudi akaagiza upya.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Machi 2017. Watu hutuuliza kuhusu miujiza. Vipofu hakuwaponya. Tunachokumbuka ni mazishi yake, mdogo wake aliposimama kando ya jeneza, wanawe wawili, sasa watu wazima, wakiwa nyuma yake.

"Vikombe vile vilikuwa vya shule ya hawa wanangu," alisema. "Nilijua. Na bado nilitaka viende."

Kisha fundi mkuu, mzee wa mkongojo, akainuka naye akaomba kuungama la kwake.

Wapendwa, tukitaka kumheshimu dada huyu, tusianze na mishumaa. Tuanze na lile tulilolificha.