Jina la Mwisho wa Wimbo

Mkahawa ulikuwa Oud Metha, mtaa mmoja wa Uarabuni, nao ulijiita wa Kibrazili ingawa hakuna Mbrazili aliyewahi kulipwa mshahara ndani yake. Wapishi walikuwa Wanepali pamoja na Ahmadi, Mpemba. Mlangoni nililinda mimi na diploma yangu. Vyombo alivisugua Agneta wa Busia. Kilichotoka Brazili kweli ni albamu moja tu, iliyopigwa kutwa: ngoma na kodiani za vijijini kwao zikisukumwa na midundo ya kompyuta. Katika wimbo mmoja, wanawake huimba huku wakifanya kazi. Hatukuelewa hata neno moja, lakini Agneta aliusikia kama mtu anayeitwa.

Siku moja akawajibu, mikono ikiwa ndani ya povu. Aliimba wimbo wa kusagia wimbi wa bibi yake, Eseza, aliyemlea. Mwishoni mwa wimbo huo msagaji hujitaja, yeye na aliyemfundisha, ili boma zima lijue nani yuko kwenye jiwe.

"Agneta wa Eseza!" akamalizia.

"Mbrazili wa Busia!" Ahmadi akacheka. "Sauti hiyo, bibi wee, na bado wachubuka vidole kwa masufuria?"

"Wachana na mimi, Ahmadi. Kitunguu chako kinaungua."

Meneja alisikia. Wiki ileile akampandisha jukwaani, awe anaimba kila Alhamisi jioni juu ya mdundo wa albamu. Akamvisha maua kichwani na beji iliyoandikwa Luana.

"Wateja wanalipia Brazili," alimwambia. "Hayo majina ya mwisho yatoe."

"Sir, bila jina wimbo haujaisha."

"Yalla, Luana. Au urudi kwenye sahani."

Akayatoa. Wakamrekodi hivyo hivyo. Simlaumu Agneta. Nawalaumu wanaomkata mtu vipande, kisha wakakipigia makofi kipande kilichobaki.

Kisha Eseza akafa. Agneta aliomba ruhusa akamzike. Meneja akasema pasipoti iko kwa kafeel, mdhamini wake wa kazi, na kafeel yuko safarini, labda mwezi ujao, inshallah. Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki hiyo.

Alhamisi, siku mbili kabla, akapanda jukwaani. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Aliimba polepole, mdundo ukamwacha nyuma, naye hakuukimbilia. Mwishoni alifumba macho.

"Agneta wa Eseza! Eseza wa Busia!"

Makofi yakalipuka. Mteja wa meza ya mbele akamgeukia meneja. "Busia ni upande gani wa Brazili?"

"Kaskazini," meneja akajibu upesi.

"Ni Kenya," Agneta akasema kwenye kipaza sauti. "Na aliyenifundisha huu wimbo yuko mochari."

Watu wakarudi kwenye nyama zao.

"Khalas, kazi basi," meneja alimwambia jikoni. Pasipoti ambayo haikupatikana kwa ajili ya mazishi ilipatikana kwa ajili ya kumfukuza. Alipandishwa ndege Jumapili. Bibi yake alikuwa ameshafukiwa.

Sauti yake ilibaki. Mkahawa huipiga bado, baada ya ile albamu, ikiishia palepale jina lilipotolewa. Inapofika hapo, Ahmadi hugonga sufuria kwa mwiko na kupaza, "Agneta wa Eseza!" Wanepali wameshajifunza, nao huitikia. Nami mlangoni nawatamkia jina hilo wanaoingia, mmoja mmoja, nikiwatazama machoni.

Wao hunitabasamia. Wanadhani nimewakaribisha kwa Kireno.