Riwaya Aliyoiponda Dada Mapokezi

Jumatatu hadi Ijumaa, Dada Mapokezi hukaa nyuma ya kioo cha kliniki ya meno akiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba daktari anakuja sasa hivi. Uongo huo ameusema miaka kumi na moja bila kupepesa jicho. Jumamosi mchana, kliniki ikishafungwa, uongo hupanda cheo. Meza ya magazeti husogezwa katikati, dadu hutolewa, naye huwa msimulizi wa mchezo wa hadithi, ambao kila mchezaji ana mhusika wake: ndiye anayeamua pangoni kuna nini na nani aliwe na joka. Kiti hicho alikipenda kuliko mshahara.

Balaa ni kwamba ubunifu hakuwa nao hata wa kijiko. Mapango yote, mitego yote, aliichota kwenye riwaya moja nene yenye jalada la kijani, aliyoificha kwenye droo ya mafaili ya wagonjwa waliokimbia sindano.

Kwa hiyo wachezaji wake walipotaka kujua wasome nini, aliwashauri kama daktari feki. Wifi yake, ambaye mchezoni hukata vichwa kabla ya salamu, alipewa riwaya ile ya juzuu saba.

"Vita kila ukurasa, wifi. Usihangaike na majina, wote watakufa."

Fundi bomba, ambaye mchezoni ni mwizi, alipewa ile ya majambazi wanaoiba taji. "Mipango safi, mapenzi ya kuchosha. Ukifika kwenye busu, ruka kurasa arobaini."

"Na ile ya kijani niliyoiona dukani?" fundi akauliza.

"Ile? Takataka! Wanatembea kurasa mia tatu, wakifika wanakaa kula. Ramani yenyewe kama mtu kamwaga chai."

Aliiponda wiki tatu mfululizo, kila wiki akiongeza chumvi.

Jumamosi ya nne wakafika kwenye ukuta wa mwisho wa pango, ambao Dada Mapokezi aliutegemea uwatoe jasho saa mbili nzima. Fundi hakugusa hata dadu.

"Nabonyeza jiwe la tatu kutoka kushoto," alisema, akikuna sikio. "Halafu naruka ngazi ya pili, ina mishale."

Wifi akageuka. "Umejuaje, wewe?"

"Nimeota." Akamtazama msimulizi kama anavyotazama bomba akijua hasa lilipotoboka.

Jasho lilimshuka Dada Mapokezi mpaka kwenye soksi. Kitabuni, nyuma ya ukuta ule kulikuwa na malkia wa barafu, na fundi alishamjua mpaka pete zake. Akimtaja malkia tu, kiti kimekwenda. Macho yakatangatanga, yakaangukia bango la gego lililooza.

"Mlango unafunguka," alisema. "Ndani kuna... benchi. Joka limekaa, shavu limevimba hivi. Mbele kuna kioo, na dada mmoja mkali. Anasema daktari anakuja sasa hivi."

"Nachomoa upanga!" wifi akapaza sauti.

"Panga zinaachwa mlangoni, mama. Kadi unayo?"

Foleni ile iliwapiga kuliko majini wote wa miezi sita. Wifi alijaribu kuipenya mara tano, dadu likamrudisha nyuma mara tano, akatukana mpaka akacheka. Mwisho waling'oa gego la joka kwa spana ya mwizi.

Wakati wa kurudisha viti, fundi alimsogelea. "Dada, ile ya gego siikumbuki."

"Hukusoma vizuri."

"Nimesoma mara mbili. Ulivyoiponda vile, ningeiachaje?"

Dada Mapokezi akachungulia wifi yuko wapi. "Ukifunga mdomo, Jumamosi mwizi wako anaokota upanga wa moto."

"Na viatu visivyotoa sauti."

"Na viatu, haya. Toka, nifunge mlango."