Mkono wa Mama Ndani ya Mgono

Mume wangu alikuwa mtu wa tambarare, wa kando ya mto Ruvu, na kazi yake ilikuwa kusuka migono ya kuvulia samaki. Mimi nilitoka Kirua Vunjo, ambako enzi hizo za Mwingereza wazee bado walimwita samaki ndugu yake nyoka, wala hawakumla. Tulipanga chumba pembeni mwa mji wa Moshi. Tangu niolewe, mama yangu hakuwahi kutia kitu kinywani nyumbani kwangu, hata maji. Nilimbembeleza mpaka nikachoka.

Nilipojifungua, akashuka mlimani kunihudumia, chungu chake kichwani, tetea mkononi. Vyungu vyangu hakuvigusa. Sikugombana naye. Mtoto alikuwa hanipi usingizi. Nguvu ya kugombana ningeitoa wapi?

Mgono mpya ulikuwa uani, waliouagiza wangeufuata kesho yake. Mama akadhani ni tenga, akamsukumia tetea ndani. Nani angemlaumu? Kwetu mlimani mgono haukujulikana. Mdomo wake ni mpana, lakini koo lake ni la vijiti vilivyochongwa, ncha zote zikielekea ndani: samaki hupita akiingia, akigeuka vinamchoma. Jioni, alipotaka kumchinja yule kuku, mama akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kuuchomoa, wapi! Kila akivuta, vijiti vinazidi kuzama.

Mume wangu akaja mbio. "Tulia, mama. Usivute."

Akachukua kisu, akakata koo la mgono kijiti kimoja kimoja, akiiharibu kazi ya siku nyingi iliyomvunja mgongo. Hakunung'unika. Mkono ulipotoka, akafungua kamba ya mkiani mwa mgono, kuku naye akatoka zake.

"Kumbe mlango uko nyuma," mama akasema, akijifuta damu kwa upande wa khanga.

"Uko nyuma, mama."

Mtori wa ndizi na yule kuku ulipoiva, mama akachukua bakuli letu, lile lile tulilolia samaki, akalijaza, akampa mkwewe kwanza. Mume wangu alipofika nusu, mama akalipokea na kumalizia yeye mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja tangu niolewe, na ilipofika ikanikuta hoi. Nikalia tu, mtoto kifuani, na hakuna aliyeniuliza nalia nini.