Sori Niliyomtupia Bi Mwanahawa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yangu hupata moto. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimerudi Pande kutoka sekondari ya Lindi, na nilikuwa na maneno machache ya Kiingereza niliyoyatembeza kijijini kama mtu aliyevaa saa mpya.

Neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa sori. Nilivutiwa na wingi wa kazi zake. Nikimkanyaga mtu mguu, sori. Nisiposikia nilichoambiwa, sori? Nikitaka kupenya katikati ya watu, sori. Mtu akifiwa, sori. Wazee wetu walikuwa na neno lake kwa kila jambo: pole kwa mwenye msiba, samahani kwa uliyemkatiza, kumradhi kwa unayetaka akupishe, na radhi kwa uliyemdhulumu. Mimi nikaona huo ni mzigo wa bure. Neno moja la Waingereza lilitosha kufanya kazi za watu wanne.

Msimu huo baba alinituma nikasafishe chini ya mikorosho yetu. Utaratibu kila mtu anaujua. Unakusanya majani, unalima mkanda mtupu kulizunguka rundo, unamwambia jirani, ndipo unawasha, tena asubuhi kabla upepo haujaamka. Mimi niliwasha jua la utosi. Mkanda sikulima, jirani sikumwambia. Na jirani mwenyewe alikuwa Bi Mwanahawa, mjane aliyeishi peke yake, akitegemea mikorosho minne aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa imejaa maua. Kabla sijapata tawi bichi la kuupigia moto, ulikuwa umeshaingia kwake, na mikorosho yote minne ikabaki imesimama myeusi.

Akaja mbio, kanga mkononi. Akaitazama miti, kisha akanitazama mimi.

"Sori, bibi," nikasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiingereza. Maana yake yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani?" akauliza. "Kwako wewe, au kwa mikorosho yangu?"

Nikaenda zangu, nikijiambia kwamba kizee hajasoma.

Baba alimpelekea magunia ya muhogo mkavu, akayarudisha. Mwenyekiti wa kijiji akamsihi akubali yaishe, akakataa. "Sina njaa ya muhogo," alisema. "Aliyewasha moto ana miguu. Aje." Watu wakamwita mkaidi, na mimi nikawa wa kwanza kulikoleza jina hilo. Allah anisamehe. Ukaidi ule ulikuwa haki yake, na ndio ulioniokoa.

Siku hizo mimi ndiye niliyekuwa naadhini msikitini kwetu, na hapakuwa na kitu nilichokipenda zaidi. Ijumaa moja maalim wetu alinishika mkono kabla sijafungua kinywa.

"Nasikia ukimwona Bi Mwanahawa njiani unakatisha porini," alisema.

Nikamjibu kwamba nilishamwambia sori.

"Kwa Mola wako utatubu, naye ni Mwingi wa rehema. Lakini haki ya mja, Mungu ameiacha mikononi mwa mja. Mpaka yule mama akuridhie, ataadhini mwingine."

Nikasimama safu ya nyuma nikisikiliza sauti ya mtu mwingine ikiita watu. Hapo ndipo kiburi kilipoanza kunitoka, na kilitoka kwa maumivu kama mwiba.

Kwetu mtu haendi peke yake kuomba radhi ya jambo zito. Hupelekwa na mtani wa ukoo, kwa sababu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukuumbua mbele za watu bila kuzua ugomvi. Wetu alikuwa Mzee Chilumba, mtu wa Mtama, aliyekuwa na mdomo Mungu anaujua mwenyewe. Alinitanguliza njiani huku akipaza sauti:

"Fungueni milango! Nimewaletea msomi! Huyu amekwenda Lindi kusomea kuunguza wajane!"

Wanawake wakaacha kutwanga wapate kucheka vizuri. Tulipofika, mtani akaniketisha mchangani katikati ya ua wa Bi Mwanahawa, akaniamuru nilitaje kosa kwa jina lake.

"Nilichoma mikorosho yako," nikasema.

"Hilo hata mikorosho inalijua," akadakia Mzee Chilumba. "Ongeza."

"Sikulima mkanda."

"Ongeza, msomi! Au Kiingereza kimekuishia?"

Bi Mwanahawa akainua mkono kumkatiza mtani. "Mimi nina swali moja," alisema. "Kwa nini hukuniambia kwamba unawasha?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua kwa nini niliipenda sana ile sori. Ilikuwa imenikinga na swali hili. Nikatazama mchanga.

"Nilikuona kizee usiye na mtu," nikasema. "Sikuona sababu ya kukuarifu."

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," akasema Bi Mwanahawa. "Miti huchipua. Nilitaka kujua kama wewe unakijua ulichokichoma." Akanishika mkono akaniinua. "Nimekuridhia, duniani na akhera. Kesho uje na jembe."

Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na misimu miwili iliyofuata, nikiyapalilia machipukizi mpaka yakazaa. Siku niliyorudi msikitini baada ya radhi ile, maalim alinisogeza mbele niadhini.

Leo vijana wananiambia, "Babu, dunia imekwenda mbio, mtu akishasema sori yameisha." Kwenda mbio si kufika, nawajibu. Mwezi uliopita mjukuu wangu mmoja alimtusi shangazi yake mbele ya wakwe, akavuka zake kwenda Songo Songo kazini, kisha akatuma sori kwa simu, pamoja na kile kipicha cha uso unaolia. Nikampigia. Nikamwambia: boti zipo, panda uje. Akasema nina ukaidi. Nikamwambia ndiyo, ninao, na alhamdulillahi najua niliurithi kwa nani. Amekasirika. Na akasirike. Shangazi yake amekaa nyumbani anamngoja, na mimi niko upande wa shangazi.

Sina ugomvi na neno lenyewe, mwanangu. Mkikanyagana miguu sokoni, litumie utakavyo. Lakini ukimdhulumu mtu, nenda kwa miguu yako. Keti chini. Litaje ulilolitenda, pamoja na ile sehemu unayoionea haya kuliko zote, maana mara nyingi hiyo ndiyo iliyomuumiza. Kisha nyamaza umngoje, wala usimharakishe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na wewe uliyedhulumiwa, usipokee nusu ya haki yako kwa kuogopa kuitwa mkaidi. Waache wakuite. Muungwana ni vitendo, na anayekudai ukweli wote anakuheshimu kuliko anayekuambia basi, yaishe.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo mpana wa kuridhia. Akuzungushie watu wasiokubali kukuachia kirahisi, na ukutane Naye Siku ya Malipo ukiwa huna mja hata mmoja anayekuvuta nguo kukudai haki yake. Amin.