Siku Popo Waliponivua Uenyekiti

Nawasimulia kwa sababu kisiwa kizima kimeshanicheka kikachoka, lakini jamani, aibu niliyoipata siku ile, ningeona shimo ningejifukia mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuhifadhi popo wa matunda hapa kisiwani, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba nikihubiri kwamba popo si mkosi, hana neno na mtu, tena ndiye anayetupandia miti kwa mbegu anazodondosha (mwenyewe sijawahi kumkaribia hata mmoja, mimi hata panya namkimbia). Shida ilikuwa Mama Akeyo, mjane anayekaanga mgongo wazi pale ufuoni, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, kwa sababu mikuyu yote wanayolala popo imo shambani mwake naye alitaka kuikata iwe kuni. Ikikatwa, popo wetu hawana pengine pa kwenda. Akakubali kunisikiliza mara moja tu, mbele ya chifu, kisha aamue.

Mkutano ulikuwa ufanyike kanisani, lakini mimi kwa ujuaji wangu nikasema hapana, viti vipangwe chini ya mkuyu wenyewe, watu wawaone popo wamelala kwa amani. Nikavaa suti nyeupe niliyoichagua mitumbani Kondele. Sasa, kwetu chifu hapokelewi kimyakimya, kwa hiyo kwaya ya akina mama ikaja na ngoma, na alipofika tu wakaitwanga na vigelegele juu, popo wote wakaamka kwa pamoja, na mnajua wenyewe mnyama aliyekula mapera usiku kucha akishtuka huanza na nini.

Chifu alikimbilia chini ya meza. Mimi nikabaki nimesimama, suti imejaa madoa, napaza sauti, "Ndugu zangu, tulieni, popo hana neno na mtu!" na papo hapo mtoto wa popo akamponyoka mamake, akatua shingoni kwangu, akang'ang'ania kola.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nilijikuta ziwani, maji kiunoni, napiga mayowe, "Yawa! Nitoleeni huyu shetani!" (Shetani! Mimi!) na kwaya, Mungu awasamehe, bado wanaimba.

Mama Akeyo ndiye aliyeingia majini, akamfunika yule mtoto kwa leso, akamtoa polepole, akamtazama.

"Kumbe ana uso kama wa mbwa mdogo," akasema. "Baba, ni haka tu ndiko kanakuliza?"

Akamrudisha kwenye shina la mkuyu, mamake akashuka akamchukua. Halafu Mama Akeyo akainama mezani, akamwambia chifu aliyekuwa bado chini yake, "Mikuyu haikatwi. Hawa popo hawana shida. Shida ni huyu mwenyekiti."

Kura zikapigwa palepale, mimi bado nachuruzika maji, na tangu siku hiyo mwenyekiti ni Mama Akeyo. Nimeapa sitamtetea tena mnyama ninayemwogopa. Juzi wamekuja watu wanatafuta msemaji wa viboko, hata chai sikuwangojea wamalize, nikawaonyesha kwa Mama Akeyo.