Siku Sita za Nyumba ya Bi Rukia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ilikuwa Jumatatu, pale Bondeni, Nakuru, nimesimama kwenye baraza ya nyumba ya mawe na daftari mkononi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi miezi mitatu tu. Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari, na kijana mwenye cheti cha umeme alitazamwa kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Fundi Zakayo, mzee aliyeniajiri, hakunitazama hivyo. Aliniita Bwana Cheti, na kila akilitamka hilo jina alicheka kwa pua.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu ukimwambia mama mmoja wa Kiamunyi kwamba nyumba yake yote utaitia waya mpya na kumaliza Ijumaa. Nikakuuliza kama umeiona. Ukasema alikutumia picha. Sikukugombeza. Niliondoka tu nikaenda kukaa nje, nadhani uliona.

Nyumba ile ya Bondeni ilikuwa ya Mzee Bakari na mkewe, Bi Rukia. Waya zake zilikuwa za zamani, zile za mpira, zimekauka hadi zikapasuka, na swichi ya chumba cha mzee ilikuwa imeanza kutoa cheche. Mzee mwenyewe alikuwa amelazwa hospitalini. Daktari alimwambia Bi Rukia kwamba dawa hazina tena la kufanya, na kwamba akitaka anaweza kumrudisha nyumbani. Kwa watu wale hilo lilikuwa jambo zito. Mtu wao haachwi afe peke yake. Huzungukwa na jamaa, mmoja akimdondoshea maji mdomoni, mwingine akimsomea Yasini, mwingine akimtamkia shahada sikioni. Na kule hospitalini jamaa waliruhusiwa kuingia alasiri tu, kwa muda mfupi, kisha kengele inapigwa wanatoka.

Bi Rukia aliniuliza jambo moja tu. "Itachukua siku ngapi, baba?"

Fundi Zakayo alikuwa na kazi Gilgil wiki ile, na alinituma nikaitazame nyumba, si nikaitolee ahadi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuhesabu taa kumi na moja na soketi sita. Nikaweka saa tatu kwa kila moja, nikajumlisha, nikagawanya, nikarudia hesabu mara tatu. Ikatoka siku sita kila mara. Hata hivyo moyo haukutulia. Nikisema sijui, ataona cheti changu ni karatasi. Nikisema wiki tatu, ataona mimi ni mvivu, atamwita fundi mwingine, naye Fundi Zakayo ataniuliza kazi imeendaje. Nilifikiri mambo mengi sana pale barazani, mwanangu, isipokuwa kupanda ngazi na kufungua ubao mmoja wa dari.

"Siku sita," nikasema. "Jumamosi jioni tumemaliza."

Uso wake ulifunguka. "Alhamdulillahi. Basi akae huko hiyo wiki, maana vumbi na kile kifua chake haviendani. Jumapili namleta."

Siku hiyo hiyo tulianza, mimi na vibarua wawili. Juu ya dari nilikuta waya zimepigiliwa ndani ya mbao, kila ubao unang'olewa kwa uangalifu ili dari isianguke. Kuta zilikuwa za mawe mawili kwa unene. Tundu nililolikadiria nusu saa lilinichukua asubuhi nzima. Na kila jioni ilibidi tufunge kazi mapema, kila mtu awe kwake kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje usiku. Katika hesabu yangu hayo yote hayakuwemo.

Jumatano Fundi Zakayo alirudi, akazunguka vyumba vyote, kisha akasimama chini ya ngazi yangu.

"Bwana Cheti, hizo siku sita ulizitoa wapi?"

"Nilipiga hesabu, mzee."

"Ulipanda juu?"

"Hapana."

"Ulitoboa ukuta hata mahali pamoja?"

Nikashuka kwenye ngazi.

"Basi nyumba hukuiona. Uliona taa." Safari hii hakucheka. "Hii ni kazi ya wiki tatu. Plasta lazima ikauke, na mkaguzi wa umeme lazima apime kabla ya kuwasha, naye huja akipenda. Nenda umwambie huyo mama leo. Si kesho. Leo."

Nilikwenda. Nilimkuta uani akishona chandarua cha kitanda cha mzee. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Nimemwambia Jumapili. Amecheka, maskini. Kanzu yake ameshaikunja, kofia ameiweka kando ya mto." Hata saa ile bado ningeweza kuokoa jambo. Dada yake alikuwa na nyumba mtaa wa pili, isiyo na vumbi wala mafundi, na mzee angeweza kupelekwa huko. Mimi nikasema, "Tunaendelea vizuri, mama."

Jumamosi nikamwambia ni Jumanne. Jumanne nikamwambia ni Alhamisi. Kila mara niliyatafuta maneno laini zaidi, nikiyapanga kichwani huku napiga nyundo, na kila alasiri yeye aliyabeba hayo maneno mpaka hospitalini. Fundi Zakayo aliniuliza kama nimemwambia. Nikamjibu ndiyo.

Mzee Bakari alifariki alfajiri ya Alhamisi hiyo. Hakukuwa na jamaa hata mmoja. Aliyekuwa karibu ni mfagiaji wa wodi, ambaye hakujua hata jina lake.

Walimzika siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye nilikwenda kumwomba Bi Rukia radhi. Nilitamani anitukane. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni:

"Ungeniambia wiki tatu, baba, ningemleta siku ile ile. Waya zingengoja. Taa ya mafuta ninayo. Lakini nilimwambia kesho, kwa mdomo wangu huu, naye akaniamini."

Mkaguzi alikuja siku ya ishirini na tatu. Nikabonyeza swichi ya chumba cha mzee, na taa ikawaka bila cheche. Kitandani kulikuwa na kile kifurushi kilichorudi kutoka hospitalini, kanzu imekunjwa, kofia juu yake. Bi Rukia aliitazama taa.

"Inawaka vizuri," akasema. "Izime, baba."

Nikaizima.

Fundi Zakayo hakunifukuza. Alinifundisha. Tangu hapo sikutaja siku kabla ya kufungua dari na kutoboa ukuta mahali pamoja, nikaifunga taa moja mwanzo hadi mwisho huku natazama saa. Fanya hivyo nawe, kisha ndipo uhesabu taa. Ongeza siku za mambo yasiyo mikononi mwako, ya plasta na ya mkaguzi. Muulize mwenye nyumba nani atalala humo, na ni nani anayengojewa, maana siku unayomtajia ataitumia kupanga maisha yake, na wewe hutajua ameipangia nini. Idadi ya siku ikiwa kubwa, itaje kubwa. Ikibadilika saa nne asubuhi, mwambie kabla ya saa tano. Atakasirika, na hasira yake utaivumilia. Mimi ile sauti ya upole ya Bi Rukia ninayo mpaka leo.

Yule mama wa Kiamunyi mpigie sasa hivi, chai itakungoja.

Mungu akupe mdomo mzito wa kuahidi na miguu myepesi ya kupanda ngazi. Na kila nyumba utakayowasha taa, umkute ndani yule aliyekuwa akingojewa.